Eloctate na Kiwango cha Fakta Damuni: Tathmini ya Mzazi wa Kijana Mwenye Hemofilia

Eloctate ni dawa ya fakta 8, yaani protini inayosaidia damu kuganda, kwa watu wenye hemofilia A, ugonjwa wa kurithi ambao protini hiyo hupungua au hukosekana, na ni miongoni mwa dawa zilizozifikia familia nyingi za Kenya na Tanzania kupitia mpango wa msaada wa Shirikisho la Dunia la Hemofilia, lenye makao yake Montreal. Mwaka 2014 kampuni za Biogen na Sobi ziliahidi kutoa yuniti bilioni 1 za fakta kwa muda wa miaka 10 kwa ajili ya misaada ya namna hii, na bila ahadi hiyo wengi wetu tungeendelea kusubiri plazma, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, katika foleni ya benki ya damu. Kijana wangu ana uzito wa kilo 40 na hemofilia kali, maana yake ni kwamba fakta 8 inayotengenezwa na mwili wake haifiki hata asilimia 1 ya kiwango cha kawaida. Tathmini hii inaihusu dawa yenyewe, lakini zaidi inaihusu huduma inayopaswa kwenda nayo, yaani upimaji wa kiwango cha fakta katika damu, kwa kuwa nimefikia kuamini kwamba dawa hii ikitolewa bila kipimo hicho, sehemu kubwa ya thamani yake hupotea.

Kuhusu utengenezaji sina manung'uniko. Jeni ya fakta 8 ilinakiliwa maabara mwaka 1984, wakati ambapo wagonjwa walitegemea dawa zilizokamuliwa kutoka plazma ya maelfu ya wachangiaji iliyochanganywa pamoja, na wengi wao walikuwa wakiambukizwa virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini kupitia dawa hizo hizo zilizokusudiwa kuwaokoa. Fakta ya kwanza isiyotokana na plazma iliidhinishwa Marekani mwaka 1992. Eloctate iliidhinishwa huko Juni 2014, na mwaka uliofuata ikaingia Ulaya kwa jina la Elocta. Hutengenezwa na seli zilizotokana na figo ya binadamu, zinazojulikana kama HEK 293, ambazo zimepandikizwa jeni ya fakta 8 na kukuzwa ndani ya matangi bila kuongezewa protini yoyote ya mnyama wala ya mtu mwingine. Baada ya hapo protini husafishwa kwa hatua kadhaa, ikiwemo kuitia dawa ya kuua virusi vyenye utando wa mafuta na kuipitisha kwenye chujio lenye matundu ya nanomita 15. Kwa mzazi aliyewahi kumtazama mwanawe akiwekewa mfuko baada ya mfuko wa plazma, huku akijiuliza damu ile ni ya nani, habari hizi zina uzito kuliko tangazo lolote.

Kinachoitofautisha na fakta za awali ni kwamba molekuli ya fakta 8 imeunganishwa na kipande cha kingamwili kiitwacho Fc. Seli zinazotanda ndani ya mishipa ya damu zina vipokezi ambavyo kazi yake ni kuziokoa kingamwili zisivunjwevunjwe na kuzirudisha kwenye mzunguko, na Eloctate, kwa kuwa imebeba kipande hicho, husafiri nazo kama abiria aliyepanda kwa tiketi ya mwenzake. Matokeo yake ni kwamba nusu-maisha ya dawa, yaani muda ambao kiwango chake mwilini hupungua kwa nusu, hupanda kutoka takribani saa 12 za fakta ya kawaida hadi takribani saa 19 kwa mtu mzima. Ongezeko hilo ni la kweli ingawa ni la kadiri, na sababu yake inajulikana: ndani ya damu fakta 8 hushikamana na protini nyingine iitwayo fakta ya von Willebrand, kwa hiyo ikishaondolewa ile, na hii huondoka nayo.

Matumizi ya nyumbani ni mepesi kwa kiasi kinachoridhisha. Kuna kichupa cha unga, bomba lililokwisha kujazwa mililita 3 za maji ya kuyeyushia, na kiunganishi cha plastiki kinachoondoa haja ya kutoboatoboa kwa sindano. Unga huyeyuka kwa kuzungushwa taratibu bila kutikiswa, na ukishayeyuka dawa hutakiwa kutumika ndani ya saa 3. Tatizo lipo kwenye kuhifadhi. Vichupa hukaa kwenye jokofu kati ya nyuzijoto 2 na 8, au nje ya jokofu kwa muda usiozidi miezi 6 mradi joto lisivuke nyuzi 30, na vikishatolewa havirudishwi tena. Aliyeandika nyuzi 30 hakuwa akiufikiria mwezi wa Februari katika mji wa pwani, ambapo chumba chenye bati juu huvuka kiwango hicho kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo, ingawa karatasi ya maelezo inaruhusu kabati, sisi tunaichukulia kuwa ni dawa ya jokofu, na umeme ukikatika tunaipeleka kwa jirani mwenye jenereta.

Jambo linalostahili kuzungumzwa kwa kirefu ni dozi. Maelekezo ya kawaida ya matibabu ya kinga, yaani sindano za ratiba za kuzuia damu isivuje, kwa mtu mzima ni yuniti 50 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya siku 4, na daktari anaweza kurekebisha kiasi au kubadilisha muda uwe kati ya siku 3 na 5. Kanuni ni kwamba yuniti 1 kwa kilo hupandisha fakta kwa takribani asilimia 2, hivyo yuniti 2,000 kwa kijana wa kilo 40 humfikisha karibu na asilimia 100. Kama nusu-maisha yake ingekuwa saa 19 kama ilivyoandikwa, baada ya siku 4 angebaki na asilimia 3 hivi, kiwango kinachoweza kuzuia damu nyingi zinazovuja zenyewe ndani ya viungo. Lakini saa 19 ni wastani wa watu wazima waliofanyiwa utafiti. Watoto huiondoa dawa hii haraka zaidi, na hata miongoni mwa watu wazima, wale wenye damu ya kundi O mara nyingi huiondoa haraka kuliko wengine, kwa kuwa wana kiasi kidogo cha ile fakta ya von Willebrand inayoilinda.

Tulipompima kijana wangu hatimaye, nusu-maisha yake ilikuwa karibu na saa 13. Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe: asilimia 100 ikigawanywa kwa mbili kila baada ya saa 13, baada ya saa 96 inabaki nusu ya asilimia moja na kidogo tu. Maana yake ni kwamba kila siku ya nne alikuwa akienda shule akiwa karibu sawa na mtu ambaye hajachomwa chochote, na goti lake la kushoto, ambalo lilikuwa likivimba siku hizo hizo za mwisho wa mzunguko, lilikuwa limetuambia hivyo muda mrefu kabla ya maabara. Tulikuwa tukiambiwa kwamba anacheza sana.

Hapa ndipo kipimo kilipoonyesha thamani yake, maana suluhisho halikuwa kuongeza dawa. Dozi ikiongezwa mara mbili, kinachopatikana ni nusu-maisha moja tu ya ziada, yaani saa 13 kwa kijana wangu, na kwa dawa ya msaada isiyotosha wote hiyo ni bei kubwa mno. Daktari aliigawa dozi ile ile: badala ya yuniti 2,000 kila baada ya siku 4, yuniti 1,000 kila baada ya siku 2. Kiasi cha dawa kwa mwezi hakikubadilika hata kidogo, ilhali kiwango cha chini kabisa kilipanda hadi takribani asilimia 4. Gharama yake ni kwamba mshipa unachomwa mara mbili ya awali, na kilele cha baada ya sindano sasa ni asilimia 50 na ushee badala ya 100, kwa hiyo siku za mpira hupangwa zifuate sindano asubuhi hiyo hiyo. Kijana mwenye mishipa migumu kupatikana huenda asiweze mpango huu, na nisingependa mtu auige bila kupimwa na bila daktari wake, kwani hesabu ya mwili wa mwingine inaweza kutoa jibu tofauti kabisa.

Huduma ya kupima yenyewe ndiyo ninayoipa alama za chini. Zamani ilipendekezwa kwamba ili kuijua nusu-maisha ya fakta 8 mgonjwa atolewe damu zaidi ya mara kumi katika siku mbili, jambo ambalo hakuna mtoto wala mzazi angelikubali kwa moyo mkunjufu. Siku hizi ipo huduma ya mtandaoni iitwayo WAPPS-Hemo, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha McMaster huko Hamilton, Kanada, ambayo hutumia takwimu za wagonjwa wengi waliokwisha kupimwa kwa bidhaa hiyo hiyo. Daktari huingiza umri, uzito, dozi, saa ya sindano na matokeo ya sampuli 2 au 3 tu, kwa mfano zilizochukuliwa saa 4, saa 24 na saa 48 baada ya sindano, kisha hupata makadirio ya nusu-maisha ya mgonjwa huyo pamoja na muda atakaofika asilimia 5, 2 na 1. Ipo pia programu ya simu inayomwonyesha mgonjwa makadirio ya kiwango chake kwa wakati huo. Nimeitazama mikononi mwa kijana wangu na naiona ni kazi nzuri: kwa mara ya kwanza anaweza kujiamulia kama leo ni siku ya kukimbia au ya kukaa pembeni, na mama yake na mimi tumepunguza kelele.

Hata hivyo hesabu nzuri haiwezi kuokoa sampuli mbaya. Damu ya kipimo hiki huwekwa katika chupa yenye kifuniko cha bluu, ambayo ina sitreti ya kuzuia isigande, na lazima ijazwe hadi kwenye mstari wake, kwa sababu ikiwa pungufu uwiano huharibika na matokeo hupotoka. Inapaswa kutolewa mkono ambao haukuchomwa dawa, kisha plazma itenganishwe ndani ya saa chache na kugandishwa kama haipimwi siku hiyo. Katika hospitali tunayohudumiwa, sampuli zetu za kwanza zilikaa mezani hadi jioni na zikatupwa. Safari iliyofuata muuguzi alitupokea kwa upole, akasema, "Baba Idi, mtanisamehe, vitendanishi vimekwisha tangu wiki iliyopita." Simlaumu yeye. Ninacholalamikia ni mpangilio unaoweza kuhifadhi dawa ya thamani kubwa kwenye jokofu la kisasa huku ukikosa vitendanishi, yaani kemikali za maabara, vya kuijua dawa hiyo inafanya nini ndani ya mgonjwa.

Mzazi anapaswa pia kuuliza ni njia gani imetumika kupima. Zipo mbili kuu: njia ya hatua moja, ambayo hupima muda wa damu kuganda, na njia ya kromojeni, ambayo hupima badiliko la rangi. Kwa fakta zilizoondolewa sehemu yake iitwayo B, kama ilivyo hii, njia ya kwanza mara nyingi hutoa namba ndogo kuliko ya pili, kwa hiyo kulinganisha matokeo ya mwaka jana ya maabara moja na ya mwaka huu ya maabara nyingine kunaweza kumtia mtu hofu bure, au kumtuliza bure. Pamoja na kiwango, kila mara tunaomba kipimo cha Bethesda, kinachotafuta inhibita, yaani kingamwili zinazoishambulia fakta yenyewe. Takribani robo hadi theluthi ya wenye hemofilia A kali huzipata, hasa katika sindano za mwanzo mwanzo, na Eloctate haikuondoa hatari hiyo.

Wenye uwezo wa kuchagua wana bidhaa nyingine za kufikiria. Hemlibra ya Roche, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, si fakta bali ni kingamwili inayofanya kazi ya fakta 8. Huchomwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki, kwa wiki mbili au hata kwa wiki nne, na haihitaji mshipa. Inafaa sana kwa watoto wadogo na kwa wenye inhibita, lakini humlazimu mtumiaji kukumbuka kwamba huvuruga kabisa kipimo cha hatua moja, na kwamba akiumia au akihitaji upasuaji huenda akahitaji fakta vilevile. Altuviiio, iliyoidhinishwa mwaka 2023, hubeba kipande chake cha fakta ya von Willebrand, na hivyo imevuka kile kikomo nilichokitaja: nusu-maisha yake kwa mtu mzima inazidi saa 40, na sindano moja hutosha wiki.

Sisi kwa sasa tunabaki na Eloctate, ambayo kama dawa naipa nyota 4 kati ya 5, nyota moja nikiishika kwa sababu ya jokofu na mshipa. Huduma ya kupima, kwa jinsi tulivyoipata, naipa 2, na hizo zote ni za daktari aliyekubali kukaa jioni akiingiza namba zetu. Sampuli nyingine zitachukuliwa kijana akishaongeza uzito, kwa kuwa nusu-maisha hubadilika jinsi mtoto anavyokua, na ratiba inayomfaa leo akiwa na kilo 40 huenda isimfae akiwa na 60.