Pakti za MDT (dawa kadhaa zinazotumika kwa pamoja) za ukoma: nimemaliza zote 12, haya ndo maoni yangu

Dawa zenyewe nazipa nyota 5, ila maelezo niliyopewa siku ya kwanza nyota 2 tu. Ndani kuna rifampisini, dapsoni na klofazimini, na WHO inazitoa bure tangu 1995. Ukimeza rifampisini mkojo unakuwa mwekundu usishtuke, na klofazimini inatia ngozi weusi fulani hivi unaochukua muda kuisha.

Sasa kitu ambacho hakuna aliyeniambia: mwezi wa tatu baka la shavuni lililokuwa limetulia kabisa likavimba, likawa jekundu, la moto ukiligusa, na kiwiko kinauma mpaka kidole cha mwisho kinakufa ganzi, nikajua dawa zimenidhuru nikataka kuacha. Kumbe ni rieksheni! Kinga ya mwili imeamka inashambulia bakteria hata waliokwisha kufa, seli zinamwaga saitokaini, yaani kemikali za kinga kama TNF na interferoni gama, na hizo ndo zinaleta uvimbe kwenye baka na kwenye neva (mishipa ya fahamu). Yaani hapo neva inaumizwa na kinga yako mwenyewe, inauma sana kulijua hilo umechelewa.

Nikaongezewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, MDT nikaendelea nayo vilevile, dozi ya prednisoloni ikashushwa polepole kwa miezi kadhaa. Baka likalala, kidole kimerudi karibu chote. Ukiona baka limevimba ghafla au mkono unaisha nguvu usisubiri tarehe ya kliniki jamani, nenda siku hiyohiyo, neva ikikaa na uvimbe muda mrefu inaweza isirudi tena.