Messiah kwa ajili ya Hanang: muziki safi, harambee ndefu

Kiingilio cha tamasha kilikuwa shilingi 30,000, unalipa kwa simu na kuonyesha ujumbe mlangoni. Aliyekuja na blanketi au sabuni aliiacha kwenye meza ya pembeni. Ilikuwa Dar es Salaam, siku chache kabla ya Krismasi 2023. Tarehe 3 ya mwezi huohuo sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, tope likashuka na mawe na magogo hadi mji wa Katesh, mkoani Manyara, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Kwaya kadhaa ziliungana kuimba kanisani Messiah, utungo mrefu wa kwaya na ala wa mtunzi Handel kuhusu Masihi, waimbaji wote wakijitolea.

Kwa joto la Desemba hakuna aliyethubutu kuzima feni, kwa hiyo kila stendi ya nota ilikuwa na vibanio vya nguo. Ukurasa ukiisha, mpiga fidla anabandua, anageuza, anabana upya. Mmoja alikosa muda, akapiga wimbo mzima kibanio kikiwa mdomoni, na hakukosea hata noti moja! Besi waliwafunika tena waimbaji wengine, ugonjwa wa kwaya zetu nyingi. Lakini yule dada wa soprano alipofika kwenye maneno ya Ayubu, "najua Mkombozi wangu yu hai", kanisa zima lilitulia. Mbele ya msiba wa tope, wimbo ule haukuwa pambo la Krismasi.

Haleluya ilikuwa imeshatangulia, na hapo ndipo hela yangu ilirudi. Watu walisimama, kisha wakaanza kuimba kwa Kiswahili juu ya Kiingereza cha kwaya, maana nani aliyepita kwaya hapa nchini asiijue? Mwalimu wa kwaya akageuka, akatuongoza na sisi.

Tatizo ni kilichofuata baada ya Haleluya hiyo. Mshereheshaji alisimamisha muziki akaanza harambee: nani ana laki tano, nani anaongeza, mgeni rasmi naye atoe neno. Neno likawa hotuba. Wapigaji walikaa mikono mapajani, na waliporudi kupiga nyuzi zilikuwa zimeshuka, ikabidi wakaze upya huku watu wanatafuta bodaboda.

Messiah yenyewe ilianza kama mchango. Ilipoimbwa mara ya kwanza Dublin, Aprili 1742, tangazo la gazetini lilitaja wanufaika mapema: wafungwa wa madeni na hospitali mbili. Wafungwa 142 walilipiwa wakatoka. Tiketi yetu iliandikwa tu "kuchangia waathirika". Waathirika gani, kupitia kwa nani? Nilimuuliza kijana wa mlangoni, akaniambia kamati inajua.

Kwa muziki natoa nyota nne na nusu, kwa maandalizi mbili. Wakiandaa tena nitakwenda, na nitabeba blanketi badala ya bahasha, angalau blanketi naliona likipakiwa kwenye gari.