Tathmini ya TF-CBT: tiba ya wasichana walionyanyaswa kingono, na mahali inapoharibikia

Mlezi anayemtafutia binti msaada baada ya ukatili wa kingono hukutana na huduma nyingi: ushauri nasaha wa kawaida, tiba ya sanaa, vikundi vya manusura, kambi za uponyaji. Tunayoipima hapa inajulikana kwa herufi TF-CBT (Trauma-Focused Cognitive Behavioral Therapy), yaani tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, jeraha la akilini linaloachwa na tukio baya. Ilibuniwa na Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger kwa watoto na vijana wa miaka 3 hadi 18 waliopata kiwewe. Kwa maoni yetu hii ndiyo ya kuulizia kwanza, mradi itolewe nzima. Ikikatwa vipande, yanabaki maongezi mazuri ya kila wiki, na binti anaendelea kuota ndoto zilezile.

Kabla ya yote, hii si huduma ya siku za mwanzo. Saa 72 za kwanza ni za kituo cha afya. Dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa hizo, mapema iwezekanavyo, na kumezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku 5, na kadiri vinavyowahi ndivyo vinavyofanya kazi vizuri. Kuna pia majeraha na magonjwa ya zinaa ya kutibiwa. Binti aliyebakwa juzi anahitaji usalama, usingizi na mtu anayemwamini. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kumkalisha mtu kikao kimoja asimulie kila kitu mara tu baada ya tukio, na bado wapo wanaofanya hivyo kwa nia njema.

TF-CBT yenyewe ina vikao 12 hadi 16, kimoja kwa wiki, vya dakika 60 hadi 90. Kwa binti aliyenyanyaswa miaka mingi, vinaweza kufika 25, na sehemu kubwa ya nyongeza hutumika mwanzoni, kwenye usalama na kutulia. Kabla ya kuanza, binti hujaza dodoso la dalili za kiwewe: usingizi, ndoto, kushtuka, kukwepa watu au mahali, hasira, kujilaumu. Alama hizo hupimwa tena katikati na mwishoni. Mtoa huduma asiyepima hana namna ya kujua kama tiba inafanya kazi, wala nyinyi hamna.

Muda wa kikao hugawanywa karibu nusu kwa nusu kati ya binti na mlezi asiyehusika na unyanyasaji huo. Hapa ndipo huduma hii inapozipita nyingi. Mlezi hafundishwi huruma tu. Anafundishwa afanye nini binti akilowesha kitanda, akigoma kwenda shule au akifoka bila sababu inayoonekana: amsifu kwa jambo mahususi alilofanya, aweke mipaka ileile kila siku, aache adhabu kali. Vilevile anapata mahali pa kulia na kuuliza “mbona hakuniambia?” bila binti kumsikia. Swali hilo likitamkwa mbele ya binti, yeye hulisikia kama shutuma.

Theluthi ya kwanza ya vikao ni ya stadi. Binti anaelezwa ukatili wa kingono ni nini na kwa nini mwili wake unashtuka hadi leo. Anajifunza kupumua polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, na kupima hofu yake kwa alama 0 hadi 10 badala ya kusema tu “sijisikii vizuri”. Mazoezi ya nyumbani ni lazima, dakika chache kila siku akiwa ametulia. Anayeyafanya ofisini tu hayakumbuki hofu inapompanda usiku wa manane.

Kisha inakuja simulizi, kiini cha tiba. Huandikwa kwa sura, kikao baada ya kikao. Sura ya kwanza ni yeye ni nani na anapenda nini. Zinafuata maisha kabla ya unyanyasaji, mara ya kwanza, mara nyingine anazozikumbuka, mara iliyokuwa mbaya kuliko zote, na siku aliyosema. Anaandika mwenyewe au mnasihi anaandika anachosema, kisha wanaisoma pamoja wakiongeza aliwaza nini, alihisi nini, mwili ulifanyaje. Kila kikao kinaacha dakika kumi hivi za mwisho za kutulia, ili asitoke mlangoni akiwa kwenye alama 9.

Katika simulizi hizi karibu kila mara hujitokeza sentensi kama “nilinyamaza, kwa hiyo nilikubali.” Mnasihi mzuri haikatizi hapo hapo. Anasubiri simulizi ikamilike, kisha anairudia kwa maswali. Ulikuwa na miaka mingapi? Yeye je? Alikwambia nini kitatokea ukisema? Ulipojaribu kupiga kelele, sauti ilitoka? Binti mwenyewe ndiye anayefikia kuandika pembeni: “Nilinyamaza kwa sababu mwili uliganda na alisema atamuua mama.” Anayewahi kumwambia “si kosa lako” hajasema uongo, lakini binti anajifunza jibu linalotakiwa na kuificha lawama moyoni.

Mlezi husomewa simulizi faraghani kwanza, kwa idhini ya binti, mara kadhaa, hadi aweze kuisikia bila kuporomoka wala kulaumu. Ndipo kinafanyika kikao cha pamoja. Mlezi akiwa hayuko tayari, kikao kinaahirishwa, au simulizi haisomwi kabisa na wanazungumzia mambo mengine.

Inaharibikia wapi? Kosa la kwanza ni la mnasihi mwoga: wiki zinapita kwenye kupumua na kuchora, simulizi haianzi. Katika utafiti wa Deblinger na wenzake wa 2011, uliohusisha watoto 210 wa miaka 4 hadi 11, vikao 8 vyenye simulizi ndivyo vilivyopunguza hofu vizuri zaidi. Vikao 16 visivyo na simulizi, tuseme haki, vilisaidia zaidi malezi na utundu. Kosa la pili ni kinyume chake, kuanza simulizi wakati mnyanyasaji bado anaishi nyumbani au binti anawaza kujiua. Usalama hutangulia, bila mjadala. La tatu ni kuacha katikati: simulizi ikianza, dalili zinaweza kupanda kwa muda, na mlezi ambaye hakuonywa anamtoa binti akidhani anaumizwa.

Msitishwe na suala la shahada. Nchini Zambia, utafiti uliochapishwa 2015 ulihusisha watoto na vijana 257. Tiba ilitolewa na wanasihi wasio na shahada za afya ya akili, na dalili za kiwewe zilipungua sana kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Wanasihi hao walifunzwa na kusimamiwa mara kwa mara. Kwa hiyo swali la kuuliza ni: nani anakusimamia, na mnakutana mara ngapi? Ulizeni pia kama mlezi ana muda wake, kama simulizi huandikwa, na siri ina mipaka gani. Anayeahidi siri isiyo na mwisho hataweza kuitunza ahadi hiyo binti akiwa hatarini. Anayependekeza kumkutanisha binti na mnyanyasaji ili wasuluhishwe, ondokeni.

Kwa wanawake waliovuka miaka 18 tungependekeza tiba nyingine ya mazungumzo, CPT (Cognitive Processing Therapy), ya vikao 12, inayoshughulikia moja kwa moja imani za kujilaumu na kutoamini watu. Mashariki mwa Kongo ilitolewa kwa manusura kama kikao 1 cha faragha na 11 vya kikundi, ikaleta nafuu kubwa kuliko msaada wa mtu mmoja mmoja.

Kikao cha mwisho cha TF-CBT si lazima kiwe mwisho wa huduma. Tarehe ya mahakama, uchumba wa kwanza au ujauzito vinaweza kurudisha dalili miaka baadaye, na mara nyingi vikao vichache vya kukumbushia stadi hutosha. Ulizeni mapema kama binti ataweza kurudi kwa mnasihi yuleyule bila kuanza foleni upya.