Projekta ya laki mbili na ishirini, chumba cha hosteli Mtwara: nilichojifunza ndani ya wiki mbili

Mnaiona hii ndoo? Ya lita 20, ya kuogea. Ndiyo stendi ya projekta yangu. Msicheke kwanza, maana mpaka nafika kwenye hii ndoo nimepita kwenye kabati, nimepita kwenye kitanda, nimenuniwa na rumeti, na wiki mbili zimekatika.

Karibuni wadau. Niko Mtwara mjini, hosteli, chumba cha watu wanne. Dabodeka mbili, kabati mbili, meza moja ya kusomea, na dirisha linaloangalia magharibi, hilo mtalisikia sana leo. Bumu lilipoingia wenzangu walinunua simu, mimi nikaagiza hiki kidude Kariakoo. 220,000, na 10,000 ya kukipakia kwenye basi. Kimevuka daraja la Mkapa, kimepigwa mashimo ya Somanga, Nangurukuru, Lindi, Mingoyo, nikakipokea stendi ya Mkanaledi saa 2 usiku nimekikumbatia kama mtoto.

Boksi limeandikwa vitu vya kutisha. Lumeni 9,000. "4K". Muuzaji simtaji, ila kwenye simu aliniapia kwamba hii ni Full HD. Tuanze na huo uongo, kwa sababu ukishauelewa huo, mengine yote utajipangia mwenyewe.

Lumeni ni kipimo cha mwanga. Sasa kuna lumeni za kwenye boksi, na kuna lumeni za ANSI, ambazo hupimwa kwa utaratibu: picha nyeupe inatupwa ukutani, wanapima mwanga sehemu tisa, wanatafuta wastani. Projekta ile ya darasani, ambayo mhadhiri anaiwasha mchana na unasoma slaidi zake bila shida, mara nyingi ni ANSI 3,000 na kuendelea. Sasa jiulize, hii ya laki mbili itoe 9,000, yaani mara tatu ya ile? Basi ingetuchoma macho. Ukiona namba ya lumeni haina neno ANSI pembeni, ichukulie kama bei ya kwanza ya machinga. Ni ya kuanzia maongezi.

Na hiyo 4K. Ukilisoma vizuri, boksi halijasema projekta ni ya 4K, limesema "inapokea" 4K. Maana yake ukiichomekea video ya 4K haitaikataa, itaimeza, halafu itaibana iingie kwenye kioo chake kidogo cha ndani. Kioo cha hii ni 1280 kwa 720, hata hiyo Full HD ya muuzaji hakifiki. Piga hesabu: hizo ni nukta laki 9 na ushee. 4K ni 3840 kwa 2160, nukta zaidi ya milioni 8. Mara tisa kamili! Jinsi ya kumkamata muuzaji ni rahisi. Chomeka laptopu, fungua ukurasa wenye maandishi madogo, sogea karibu na ukuta. Ngoja nisogeze kamera... hapo. Mnaiona hiyo herufi "a"? Tumbo lake limeziba. Kwa muvi hutaliona hilo, kwa kusomea noti utaliona na kichwa kitakuuma. Kwa hiyo kama mzazi umemwambia ni ya masomo, hilo ni baina yako na Mungu wako.

Haya, kuiweka.

Siku ya kwanza niliipandisha juu ya kabati, mita 2.6 kutoka ukutani. Picha ikaja kama inchi 87. Chumba kizima kilipiga kelele, jirani akaja kugonga, tukajiona tuna sinema. Baada ya dakika kumi hivi mwenzangu mmoja akauliza kwa upole, "Hii muvi yote ni ya usiku?" Haikuwa ya usiku. Ilikuwa mchana kweupe, jangwani.

Hapo ndipo watu wengi wanapoilaumu mashine, na mimi niliilaumu. Lakini mwanga wake ni uleule, wewe ndiye umeutandaza. Ni kama siagi. Ukitoa kijiko kimoja ukapaka mkate mzima, utaona mkate tu. Picha ya inchi 87 ina eneo mara mbili na zaidi ya picha ya inchi 60. Kwa hiyo nilipoishusha mpaka inchi 60, mwanga uleule ukajikusanya, na jangwa likawa jangwa. Inchi 60 ni upana wa mita 1.33 na kimo cha sentimita 75. Kwa chumba cha hosteli, ambapo mtazamaji wa mbali kabisa amekaa mita mbili na nusu, hiyo ni kubwa jamani. Achaneni na inchi 150 za kwenye boksi.

Shida ni kwamba hizi za bei rahisi hazina zumu ya lenzi. Ile zumu ya kwenye rimoti inakata nukta tu, picha inapungua na ubora unapungua. Ukitaka picha ndogo, sogeza mashine mbele. Kwa hii yangu, inchi 60 zinapatikana kwenye mita 1.8. Sasa chumba chetu kina urefu wa mita 4, kitanda kimeegemea ukuta wa nyuma, kwa hiyo chuma cha miguuni kiko mita 2 kutoka ukuta wa mbele. Nikasema afadhali, nitafunga kiubao kwenye chuma cha kitanda cha juu, kitokeze sentimita 20, mambo yameisha.

Hayakuisha. Rumeti wa juu akigeuka, kipa anaruka. Akikohoa, uwanja mzima unatetemeka. Na yule bwana halali kimya! Juu ya hapo kuna chandarua. Usiku wa pili alikishusha na mechi bado inaendelea, nikapata Simba na Yanga wanacheza ndani ya wavu. Nikamwomba asishushe mpaka mechi iishe, akaniambia malaria akiugua nitamuuguza mimi? Ana haki yake. Mtwara na mbu hakuna utani.

Ndipo nikaja kwenye meza na ndoo. Meza ina sentimita 75, ndoo iliyopinduliwa inaongeza kama 35, lenzi inakaa karibu mita 1.2 kutoka sakafuni. Na hii ndiyo sehemu ambayo ningependa mnisikilize vizuri. Projekta kama hii inatupa picha moja kwa moja mbele, lenzi inatakiwa ikae usawa wa katikati ya picha. Ukiiweka chini ukainua pua yake, picha inakuwa pana juu na nyembamba chini, kama ungo wa kupepetea mchele umekunjwa. Kwenye menyu kuna kitu cha kunyoosha, watu wanakipenda sana hicho. Mimi nakiogopa. Kinachofanya ni kuikata picha ndani ya kile kioo kidogo, kwa hiyo zile nukta laki 9 ambazo tayari ni chache, unazipunguza tena, na kingo zinakuwa na ukungu. Nyoosha mashine kwa mkono. Kijitabu chini ya mguu mmoja, basi. Halafu ndiyo uzungushe fokasi, na uifanye baada ya dakika kama kumi, kwa sababu ikipata joto fokasi inahama kidogo.

Ndoo ina kosa moja. Iko tupu, kwa hiyo inafanya kazi ya ngoma, feni ya projekta ikilia ndoo inaitikia. Nimeweka kipande cha taulo katikati. Kipande, siyo blanketi! Hii yangu inavuta hewa ubavuni. Siku moja mtu alitupia shuka pembeni, ikazima yenyewe kwa joto katikati ya penalti. Joto la hapa mnalijua, mashine haihitaji msaada wa kuchemka.

Ukutani nako kuna hadithi yake. Hosteli nyingi ukuta umepakwa rangi mbili, chini rangi ya mafuta ili usafishike, juu rangi ya maji. Picha ikiangukia kwenye rangi ya mafuta unapata doa linalong'aa katikati kama kipara. Nikatundika shuka jeupe. Shuka linapitisha mwanga, sehemu ya picha unaipeleka ukutani kwa nyuma, na panga boi likizunguka wachezaji wote wanacheza baikoko. Nilichobaki nacho ni bango la tangazo, haya ya plastiki, nilipewa bure kwa wachapaji wa mabango mjini kwa sababu walikosea maandishi. Upande wa nyuma ni mweupe, haung'ai. Nimefunga ufito juu na ufito chini, wa chini unalivuta lisikunjamane. Hakuna kitu nilichokitumia humu ndani kilichonipa faida kama hili bango la bure.

Sasa giza. Mtwara tuko mashariki, jua linawahi kuzama, ikipita saa 1 tayari ni usiku. Kabla ya hapo usihangaike. Dirisha letu la magharibi saa 10 jioni linaingiza jua mpaka uvunguni, nimejaribu vitenge viwili vimeshonwa pamoja, bado unaona picha kama ndoto ya jana. Usiku je? Usiku kuna taa ya korido inapenya kwenye matundu ya juu ya mlango. Kipande cha boksi kilimaliza kazi. Naomba mnielewe, kile kipande cha boksi kilifanya rangi nyeusi iwe nyeusi kuliko mpangilio wowote wa kwenye menyu.

Sauti ya spika yake ni ya redio ya mlinzi. Tumia sabufa ya chumbani, na tumia waya. Bluetooth inachelewa, mtu anafunga mdomo ndiyo neno linafika. Ukiwa unaangalia muvi za kutafsiriwa hutajali, maana pale midomo na maneno havijawahi kukutana tangu zamani.

Kitu kingine kilichonipotezea jioni nzima: unachomeka flashi, picha inatembea, sauti hakuna. Nikadhani spika imekufa. Kumbe faili lina sauti ya aina ya Dolby, ambayo mashine nyingi za bei hii hazijalipiwa leseni yake. Faili ni zima, projekta ni nzima. Cheza kwa laptopu kupitia waya wa HDMI, au badilisha sauti ya faili iwe ya aina ya AAC, ambayo haina shida hiyo. Na programu nyingi za kulipia, ukirusha kutoka kwenye simu bila waya, utapata sauti na kioo cheusi. Hizo zina ulinzi wa hakimiliki, siyo ubovu.

Umeme. Nyuma imeandikwa wati 65. Maana yake saa 15 za kuangalia ndiyo karibu uniti moja. Pasi ya wati 1,000 inakula hiyo uniti kwa saa moja. Nilimwonyesha mlezi wa hosteli hii hesabu kwenye karatasi, akaniangalia, akasema sawa, lakini saa 4 usiku sabufa izimwe na wiki za UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, asiione kabisa. Tumekubaliana. Umeme ukikatika chomoa, usisubiri urudi na kile kishindo chake cha kwanza. Na pawabenki ya simu haiiwashi, msinitumie hilo swali tena.

Ningeinunua tena? Kwa mechi na muvi za usiku, ndiyo, kesho asubuhi. Kibanda umiza ni buku kwa mechi kubwa, tuko wanne, na hapa hamna mtu anayekupumulia shingoni. Jumamosi iliyopita tulikuwa tisa kwenye mkeka na sufuria ya ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kwetu, katikati, sikumbuki hata nani alifunga. Ila kama una chumba chenye mwanga, au unataka cha kusomea, chukua runinga ya inchi 32 iliyotumika, bei haziko mbali.

Kabla sijazima taa niwaambie kitu ambacho wanaorekodi video kama hizi hawakiambii. Simu ninayorekodia inajiongezea mwanga yenyewe gizani. Mtakachokiona hapa kitaonekana kikali kuliko ninavyokiona mimi kwa macho. Nimejaribu kuushusha mpaka ufanane, na hapa ndipo ulipofika. Kwa hiyo msinunue kwa video ya mtu, hata hii yangu.

Haya. Taa.

Si mnaona? Inchi 60, bango la bure, ndoo. Nyasi ni kijani, jezi unaisoma namba. Kona ya kulia chini ina ukungu, hiyo ni lenzi, haiponi. Na hicho kivuli kinachomtambaa kipa usoni... hicho ni kumbikumbi, jana imenyesha, wanaufuata mwanga. Kaka, funga hilo dirisha.