Mnemba au Mafia?

Hapa Arusha swali hili hurudi kila likizo ya Desemba: ukitaka kuvaa miwani na mrija utazame samaki, uende kisiwa kidogo cha Mnemba, kando ya Unguja, au kisiwa cha Mafia?

Kwa nauli na urahisi, Mnemba inashinda. Ndege huruka moja kwa moja kutoka uwanja wa Kisongo hadi Unguja, na kutoka kijiji cha Matemwe boti haichukui muda. Utaona pono, kasa, pengine pomboo. Tatizo ni msongamano: boti zikiwa nyingi pomboo hukimbizwa, jambo linaloniuma sana. Toka alfajiri.

Mafia ni mbali. Kwa kawaida unapitia Dar es Salaam, kisha ndege nyingine, au gari hadi Nyamisati na boti. Ila hifadhi yake ya bahari, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa 1995, ina matumbawe na utulivu. Halafu kuna papa potwe, karibu na Kilindoni, Oktoba hadi Machi. Samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayekula vijidudu vinavyoelea, anapita kando yako taratibu! Lakini haji kwa miadi. Tenga siku 3 za kumtafuta, na usimguse.

Familia yenye siku 2 iende Mnemba. Mwenye wiki nzima na akiba ya kutosha, Mafia inamngoja.