TAHADHARI: Maboksi ya sabufa "yaliyotuniwa 35 Hz" yanayouzwa mitandaoni

Wakuu habari. Kama unataka kununua boksi la sabufa la gari lenye bomba la hewa, usitume hela kabla hujasoma hapa. Kuna maboksi yanazunguka Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp, picha kali, zulia zuri, bei inavutia, na yanaua spika za watu. Mimi ni fundi muziki wa magari hapa Dar, naunda maboksi. Haya huwa yanaletwa kwangu uharibifu ukiwa umeshatokea.

La karibuni limeletwa na kijana mwenye IST. Tangazo lilisema: boksi la inchi 12, lita 75, limetuniwa 35 Hz, MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa), mabomba mawili kwa besi mara mbili. Kutuniwa 35 Hz maana yake bomba limekatwa ili hewa yake isaidie besi kwenye masafa ya mitetemo 35 kwa sekunde. Alilipa yote kwa simu, mzigo ukaja kwa basi. Akafunga spika mpya, ikapiga vizuri kwa sauti ndogo, akaongeza ikaanza kugonga pa-pa-pa, na haikuchukua muda ikanyamaza. Ukibonyeza koni kwa vidole inakwaruza, koili, yaani waya uliozungushwa unaosukuma koni, imepinda ndani. Alipomrudia muuzaji akaambiwa ameweka ampu kubwa mno, kisha akapigwa bloku.

Ampu yake haikuwa na tatizo. Nikafungua skrubu, nikashika futi.

Kwa nje boksi ni sentimita 60 kwa 36 kwa 35. Zidisha: lita 75 na ushee. Yaani muuzaji amepima mbao pamoja na hewa akakuuzia vyote kama hewa! Ubao ni wa milimita 18, kwa hiyo ndani inabaki 56.4 kwa 32.4 kwa 31.4, sawa na lita 57. Toa nafasi inayochukuliwa na spika yenyewe, lita 3 hivi, na mabomba lita 2, unabaki na 52. Hiyo ndiyo hewa spika inayoiona.

Mabomba sasa, na hapa ndipo wizi ulipo. Ni bomba la maji la inchi 4, kipenyo cha ndani kama sentimita 10, limekatwa vipande viwili vya sentimita 10 kila kimoja. Hesabu ya masafa ya boksi mtu yeyote anaweza kuipiga kwa kikokotoo cha simu. Chukua kipenyo kwa sentimita, kizidishe chenyewe, zidisha kwa idadi ya mabomba, zidisha kwa 23,562. Jibu ligawe kwa lita za ndani, kisha ligawe tena kwa urefu wa bomba ukishauongezea 0.73 ya kipenyo. Tafuta kipeo cha pili cha jibu hilo. Kwa boksi hili inakuja kama 72 Hz. Siyo 35. Ni 72!

Hata lingekuwa bomba moja la urefu huo, ingekuwa 51. Ili lita 52 zifike 35 Hz kwa bomba moja la sentimita 10, linatakiwa liwe na urefu wa sentimita 30. Ukiweka mawili, kila moja linataka karibu 67, zaidi ya mara mbili, kwa sababu ukiongeza mdomo wa hewa lazima uongeze urefu. Muuzaji anajua bomba la 30 likinyooka kuelekea nyuma linabakiza sentimita 3 tu kabla ya ukuta, na mdomo wa ndani unahitaji nafasi angalau sawa na kipenyo chake. Fundi mwaminifu angelitoa ubavuni lilale kwenye ule urefu wa 56, au angeweka kona. Huyu amekata tu, akaongeza tundu la pili ili lionekane la maana.

Kwa nini linaua spika? Boksi la bomba linaishikilia koni kwenye masafa liliyotuniwa, pale hewa ya bomba ndiyo inayofanya kazi kubwa na koni inasogea kidogo. Ukishuka chini ya hapo hewa inaingia na kutoka bila upinzani, na koni inacheza kama vile spika iko nje ya boksi. Boksi la 72 maana yake karibu besi yote nzito, zile za amapiano zikiwemo, iko chini ya masafa hayo. Koili inagonga bamba la nyuma mpaka inapinda. Wati hazihitaji hata kuwa nyingi.

Na MDF? Nilichungulia kwenye ukingo wa tundu la spika, pale zulia linapoishia. MDF iliyokatwa huonekana laini na moja, kama karatasi iliyoshindiliwa. Hii ilikuwa na vipande vya mbao vinavyobomoka kwa ukucha. Chipbodi. Skrubu za spika zilishaanza kulegea.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akutumie video, siyo picha, akiwa ameingiza futi ndani ya bomba na ndani ya boksi kupitia tundu la spika. Muulize lita baada ya kutoa spika na bomba. Muulize spika gani alipigia hesabu, maana kila spika ina Fs, Qts na Vas zake (namba za kiwandani zinazoonyesha tabia ya spika), na boksi lililoundwa "kwa inchi 12 yoyote" halikuundwa kwa ajili ya yako. Akianza kukwambia "bosi hii ni ya kiwandani", achana naye. Pesa lipa ukishaupima mzigo. Wauzaji wengine huwauzia wateja boksi pamoja na ampu ya "5000W": angalia fyuzi zake. Mbili za ampea 30, kwa umeme wa gari wa volti 14 hivi, haziruhusu hata wati 900 kuingia, sasa hizo 5000 zinatoka wapi?

Waliokwisha kununua, msilipige hivyo lilivyo. Zibeni tundu moja kwa ubao na gundi, jingine wekeni bomba la urefu sahihi lenye kona, na kichujio cha besi za chini kwenye ampu kiwe karibu 30 Hz. Bomba moja litapuliza upepo ukifungua sana, lakini spika itabaki hai. Kama ni chipbodi, bora muunde jipya. Tunzeni risiti za malipo na mazungumzo, pelekeni polisi na Tume ya Ushindani.

Mwenye boksi la aina hii anitumie vipimo vya ndani, kipenyo na urefu wa bomba, na jina la spika. Nitampigia hesabu bure.