Tathmini ya huduma ya methadoni jijini Dar es Salaam, kutoka dirisha la dawa hadi kituo cha daladala

Kwa miaka miwili na miezi kadhaa nimekuwa nikimsindikiza mdogo wangu katika kliniki ya serikali ya methadoni, dawa ya kunywa inayotibu uraibu wa heroini, hapa Dar es Salaam, na kwa kuwa familia nyingi zenye mraibu wa heroini huniuliza kama huduma hiyo inafaa, nimeona niandike kwa kirefu. Sitaitaja kliniki yenyewe wala kituo cha polisi nitakachokizungumzia, kwa sababu mdogo wangu bado yuko kwenye matibabu haya na hutoka kwenda kunywa dozi kila asubuhi.

Kliniki inafaa, tena sana. Kinachoiharibu kiko nje ya geti lake, nacho ni tabia ya baadhi ya askari kuwageuza wagonjwa wake kuwa watoa taarifa wa siri.

Matibabu haya yalianza kutolewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, kisha yakasambaa hadi Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine. Dawa ni bure, na gharama ya familia ni nauli na muda. Mdogo wangu alifikishwa pale na vijana wa asasi moja wanaowafuata waraibu huko huko maskani, yaani vijiweni wanakotumia dawa, akahudhuria vikao vya ushauri kabla ya kuanza dozi, akapimwa kifua kikuu, virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na nikatakiwa nisaini kama ndugu atakayefuatilia matibabu yake. Siku ya kwanza muuguzi alimwita kwa jina lake kamili na kumwuliza kama amekula. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu asiye wa familia amwite kwa jina lolote zaidi ya teja, na aliponisimulia usiku ule sauti yake ilikatika.

Utaratibu wa kila siku ni mwepisi. Mgonjwa anaonyesha kadi dirishani, anapewa dawa ya maji katika kikombe kidogo, anainywa mbele ya muuguzi, kisha anaongea au kunywa maji ili ithibitike kwamba amemeza. Dozi huanzia chini na kupandishwa taratibu hadi mwili utulie. Heroini humwachia mtu saa chache tu kabla arosto haijaanza kumtafuna kwa maumivu ya mifupa, kutapika, kuharisha na jasho la baridi, lakini methadoni hushikilia siku nzima, na ndiyo maana mtu anaweza kwenda kazini badala ya kushinda akitafuta hela ya kete, yaani kipakiti cha heroini. Mdogo wangu alirudi kwenye ufundi wake wa kuchomelea vyuma ndani ya miezi mitano. Foleni ya asubuhi ni ndefu, choo hakiridhishi, na nyakati za mvua hakuna kivuli cha kutosha, lakini hayo yanavumilika.

Udhaifu mkubwa unatokana na uzuri wenyewe wa utaratibu. Mgonjwa hulazimika kufika mahali pale pale, saa ile ile, kila siku ya Mungu, na mtu wa namna hiyo ni rahisi mno kumpata. Mwaka jana, siku ya Jumanne, mdogo wangu alikamatwa na askari kanzu wawili katika kituo cha daladala kilicho hatua chache kutoka getini, kabla hajanywa dozi yake. Hakuwa na kitu mfukoni isipokuwa kadi ya kliniki na nauli. Walimwambia kwamba wanaweza kumfungulia kesi ya kupatikana na kete, au anaweza kuwasaidia kwa kutaja watu na kwenda maskani kununua kwa fedha zao, huku wao wakisubiri pembeni.

Alikataa Jumanne. Jumatano arosto ilimpanda akiwa mahabusu, na usiku huo akataja majina matatu. Mtu mmoja alikuwa amekwisha kufariki, wa pili alikuwa hajawahi kuuza chochote, na wa tatu alikuwa mgonjwa mwenzake wa kliniki. Naliandika hili kwa ruhusa yake, kwa sababu anataka lijulikane. Taarifa inayotolewa na mtu aliye katika arosto haina thamani ya kipelelezi, kwani wakati ule atamtaja hata mama yake mzazi ili mlango ufunguliwe. Na hata angesema kweli tupu, mtumiaji humjua aliyemwuzia kete na huenda mtu mmoja juu yake. Shehena zinazovuka Bahari ya Hindi kwa majahazi zina wenyewe, na hao hawakai kijiweni. Ikiwa polisi wanahitaji habari kutoka kwa wananchi, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119, ambayo mtu mwenye afya yake na hiari yake anaweza kupiga.

Walichomtaka afanye baadaye ndicho kilichonitisha zaidi. Mtu ambaye kwa zaidi ya mwaka alikuwa amefundishwa kuzunguka mtaa mzima ili asipite karibu na maskani yake ya zamani, sasa anapewa noti na kuambiwa aende akashike kete kwa mkono wake. Sijui mganga gani angemwandikia mgonjwa wake dawa ya namna hiyo.

Hapa naisifu kliniki kwa dhati. Afisa ustawi wa jamii, mama mmoja mtu mzima ambaye nilizoea kumwamkia tu bila kumfahamu, aliona jina la mdogo wangu halijawekewa alama kwa siku mbili, akanipigia simu, na Ijumaa asubuhi tulikwenda kituoni pamoja akiwa na jalada la matibabu. Alizungumza na mkuu wa zamu kwa upole na bila kurudi nyuma, akieleza kwamba mgonjwa akikosa dozi siku kadhaa mfululizo hawezi kurudishiwa kiwango chake cha zamani kwa mara moja, maana mwili unakuwa umepoteza uzoefu na dozi hiyo inaweza kumwua. Mdogo wangu aliachiwa mchana bila mashtaka. Tulirudi kliniki moja kwa moja, akaanzishwa tena kwa dozi ndogo, na wiki tatu zilizofuata zilikuwa ngumu kwa nyumba nzima.

Lakini habari zilikuwa zimekwisha kufika kwenye foleni. Wenzake walisema amewachoma. Mmoja alimtemea mate, wengine wakaacha kukaa naye benchi moja, na wagonjwa wawili waliacha kuja kabisa kwa hofu kwamba kliniki inashirikiana na polisi, jambo ambalo si kweli hata kidogo.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Huko Tallahassee, Florida, mwaka 2008, Rachel Hoffman, msichana wa miaka 23 aliyekuwa tayari katika mpango wa mahakama wa kuwasaidia watu wenye makosa ya dawa za kulevya, alikamatwa na bangi na vidonge, akakubali kuwa mtoa taarifa, na akatumwa na polisi akiwa na dola 13,000 kununua kokeini, vidonge na bastola. Polisi walimpoteza njiani, naye akauawa. Mwaka uliofuata jimbo lilipitisha sheria yenye jina lake inayowataka polisi waweke mafunzo na taratibu za maandishi, na wapime umri wa mtu, hali yake ya akili na historia yake ya kutumia dawa kabla ya kumtumia. Haikukataza kabisa kuwatumia waraibu, na kwangu huo ni upungufu, lakini angalau swali la ugonjwa wa mtu linapaswa kuulizwa. Sisi tuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, ambayo inafikiriwa zaidi kwa ajili ya raia anayejitolea kufichua uovu, na mdogo wangu hakujitolea.

Kwa matibabu yenyewe naipa kliniki nyota tano, na kwa usalama wa kufika na kuondoka naipa mbili. Ningependa iwe na makubaliano ya maandishi na kituo cha polisi cha eneo lile kwamba mwenye kadi hakamatwi njiani kwa ajili ya kutafutiwa majina, na kwamba aliyekamatwa kwa kosa halisi apelekewe dozi yake alipo. Ningependa pia wagonjwa waliotulia waongezewe nafasi ya kuchukua dozi za nyumbani, ambazo kwetu bado hutolewa kwa wachache. Kwa familia inayoanza, andikeni namba ya simu ya kliniki nyuma ya kadi, mjitambulishe mapema kwa afisa ustawi wa jamii, na mgonjwa akichelewa kurudi msisubiri jioni.

Mdogo wangu alihamishiwa kliniki nyingine kwa ombi letu, na uhamisho ulichukua siku nne tu. Huko naye hushuka kituo kimoja kabla, kisha hutembea.